Maiti Katika Ngeli Gani? Filamu Huria na Kazi ya Mhakiki wa Kiswahili

I. Utangulizi

Makala hii inahusu filamu za zamani ambazo sheria imeacha kuzilinda, na ambazo sasa mtu yeyote mwenye simu na intaneti aweza kuzitazama nyumbani kwake pasipo kulipa wala kuomba ruhusa. Jambo hili wanafunzi wetu wanalijua zaidi kuliko sisi. Wao hutazama usiku, mmoja mmoja, kila mtu na simu yake. Sisi tunaingia darasani asubuhi na kuwafundisha fani na maudhui kana kwamba fasihi yote imo ndani ya vitabu vilivyoteuliwa kwa mtihani.

Hoja yetu ni moja. Filamu iliyo huru kisheria haijawa mali yetu mpaka iweze kusemwa kwa lugha yetu. Na kuisema kwa Kiswahili si kazi ya ukarani wa kubadilisha neno kwa neno. Ni uhakiki wenyewe, maadam sarufi yetu hutulazimisha kuamua mambo ambayo Kiingereza cha filamu kiliweza kuyaacha gizani. Kwa mfano tutachukua filamu moja tu, Night of the Living Dead, iliyoongozwa na George A. Romero na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Pittsburgh, Marekani, mwezi wa Oktoba 1968.

Mwanzo wa hoja hii haukuwa maktabani. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea Nairobi akitokea Malindi. Usiku mmoja alinikuta nikiitazama filamu hiyo kwa ajili ya somo la kesho yake, akaketi. Kiingereza hakijui, basi nikawa namfasiria kadiri nilivyoweza. Nilikuwa nimesoma ng'ambo, nimeandika insha juu ya filamu kwa ajili ya shahada ya uzamili, na nilidhani kazi hiyo ni nyepesi. Hazikupita dakika kumi kabla sijakwama. Mama aliuliza: “Mwanangu, hawa wametumwa na nani?” Nikamjibu kwamba hawakutumwa na mtu. Akasema: “Basi umekosea neno. Msukule hatoki kaburini bila mwenye kumtoa.”

Swali hilo ndilo lililozaa makala hii.

II. Kuhusu istilahi

Kwanza hatuna budi kukubaliana juu ya jina la kitu tunachokizungumzia. Wengi hutafsiri hali ya kazi isiyo na ulinzi wa hakimiliki kwa kusema kwamba ni “mali ya umma”. Tafsiri hiyo inapotosha. Kwa msomaji wa magazeti ya Kenya, mali ya umma ni kiwanja cha shule, gari la serikali, dawa za hospitali. Ni mali yenye bohari, mlinzi na daftari, na aghalabu tunalisikia jina lake pale tu inapokwisha kuibwa. Filamu tunayoizungumzia ni kinyume cha hayo. Haina mlinzi, wala haiwezi kuibwa, kwa kuwa anayeichukua hampunguzii mwingine chochote.

Neno lifaalo zaidi ni “huria”. Tunalo katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nao wataalamu wa kompyuta wamekwisha kulizoea katika “programu huria”. Pia limo katika “soko huria”, na hapo linatuonya. Soko laweza kuwa huria kwa wote, lakini anayenufaika nalo ni yule aliyeingia na mtaji. Ndivyo ilivyo kwa filamu huria. Mlango u wazi kwa wote, ila mtaji wa kuingilia ni lugha. Mama yangu alikuwa na haki kamili ya kuitazama filamu ile, na bado alimhitaji mtoto wake amfungulie.

III. Jinsi filamu inavyopata uhuru wake

Filamu huachwa huru kwa njia tatu hasa. Ya kwanza ni kupita kwa muda. Nchini Marekani, kazi za zamani zilizochapishwa au kutolewa kwa umma hulindwa kwa miaka 95. Kwa hiyo tarehe 1 Januari 2024 filamu za mwaka 1928 ziliachwa huru, ikiwamo Steamboat Willie, ile katuni fupi ya panya Mickey Mouse.

Njia ya pili ni uzembe. Zamani sheria ya nchi hiyo ilimtaka mwenye kazi aisajili upya baada ya miaka 28. Filamu ya Frank Capra, It's a Wonderful Life, ya mwaka 1946, haikusajiliwa upya mwaka 1974. Vituo vya televisheni vikaionyesha bila malipo kila msimu wa Krismasi, na filamu ambayo haikufanya vema sokoni ilipotoka ikawa kipenzi cha nyumba nyingi za Marekani. Lakini mwaka 1993 kampuni ya Republic Pictures, kwa kutegemea haki za hadithi iliyozaa filamu hiyo na za muziki wake, ilirudisha mkono wake juu yake. Tunajifunza hapa kwamba filamu ni kitu chenye tabaka nyingi: picha yaweza kuwa huru huku hadithi au wimbo wake ungali na mwenyewe. Ndiyo sababu hata baadhi ya vipindi vya mwanzo vya tamthilia ya televisheni The Beverly Hillbillies, iliyoanza mwaka 1962, husambazwa bure vikiwa vimeondolewa wimbo wao wa kufungulia na kutiwa muziki mwingine.

Njia ya tatu ni kosa, na hiyo ndiyo iliyoifungulia mlango filamu yetu. Jina lake la kwanza lilikuwa Night of the Flesh Eaters, na tangazo la hakimiliki lilikuwa limeandikwa pamoja na jina hilo. Wasambazaji walipolibadilisha jina wakalisahau tangazo. Sheria ya wakati ule ilidai tangazo hilo liwepo, hivyo filamu ikazaliwa bila ya ulinzi. Romero na wenzake waliitengeneza kwa dola zipatazo 114,000. Watazamaji wakawa wengi mno, na sehemu kubwa ya faida ikaenda kwa watu wengine. Nasi tusisahau, tunapoifurahia bure, kwamba uhuru wetu ulianza kwa hasara ya fanani.

Kwa upande wetu, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilizipa kazi za picha na sauti ulinzi wa miaka hamsini, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ambao kazi ilitengenezwa au kutolewa. Kwa hesabu hiyo, filamu ya 1968 ilikwisha kuupita muda wake mwishoni mwa 2018, hata kama karani wa Marekani asingalikosea.

Leo filamu hiyo inapatikana katika Internet Archive, hifadhi iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, na katika mahali pengi penginepo. Nakala ni nyingi, na hazilingani: zipo zilizofifia, zipo zilizokatwa, ipo iliyotiwa rangi mwaka 1986, na ipo iliyokarabatiwa vizuri, ambayo Museum of Modern Art ya New York iliionyesha mwaka 2016. Sisi tuliozoea miswada ya tendi, ambamo kila mnakili ameacha alama ya mkono wake, hatupaswi kushangazwa na jambo hili. Tunapaswa tu kulichukulia kwa uzito uleule, na mhakiki aseme ametazama nakala ipi.

IV. Nyumba ndani ya nyumba

Kisa chenyewe ni rahisi. Barbra na kaka yake Johnny wanakwenda makaburini kuweka shada juu ya kaburi la baba yao. Mtu anayetembea kwa kuyumba anawashambulia. Johnny anaanguka na kufa, Barbra anakimbilia nyumba iliyo peke yake shambani. Hapo anafika Ben, kijana mweusi, naye anaanza kuziba milango na madirisha kwa mbao. Baadaye inagunduliwa kwamba chini, katika chumba cha ardhini, wamejificha watu wengine watano: Harry Cooper, mkewe Helen na binti yao mgonjwa Karen, pamoja na vijana wawili, Tom na Judy. Nje, idadi ya maiti wanaotembea inazidi kuongezeka.

Mgogoro mkuu hauko baina ya walio ndani na walio nje. Uko ndani. Ben anataka wabaki juu wapambane. Cooper anataka wajifungie chini. Hawakubaliani hata kidogo, na kutokubaliana huko kunawaua karibu wote. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Na Romero anatulaza humo usiku kucha ili tuijue.

Kuna jambo moja ambalo anayeitazama filamu hii nyumbani hawezi kuliepuka. Watu hawa waliojifungia wanaitegemea redio, kisha televisheni wanayoipata humohumo ndani. Wanaketi mbele yake wakingoja kuambiwa ni nini kinachotokea na waende wapi. Televisheni inawaambia kwamba watu waliokufa karibuni wanafufuka na kuwala walio hai. Inawaonyesha wakubwa wa Washington wakibishana juu ya mionzi iliyoletwa na chombo kilichorudi kutoka sayari ya Zuhura. Inawatajia vituo vya kukimbilia. Lakini haisemi jinsi watu wawili wasiopendana watakavyoishi chini ya paa moja. Mtazamaji wa leo, aliye peke yake chumbani na simu mkononi, anawatazama watu walio peke yao chumbani wakitazama kioo. Haikuhitajika kubadilisha chochote ili filamu hii ihusu maisha yetu.

Mpango wa kutoroka kwa gari unashindwa. Tom na Judy wanateketea. Maiti wanaivunja nyumba. Ben anampiga Cooper risasi. Karen, aliyekwisha kufa na kuamka, anamla baba yake na kumwua mama yake. Barbra anavutwa nje na kundi ambalo yumo Johnny, kaka yake mwenyewe. Ben anabaki peke yake, na anaokoka usiku kwa kujifungia chini, mahali palepale alipopakataa. Kunapokucha, kikosi cha wenye bunduki kinachoongozwa na mkuu wa polisi kinafika kikiwapiga maiti mmoja baada ya mwingine. Ben anasogea dirishani kuchungulia. Wanampiga risasi ya kichwa. Kisha filamu inaacha kwenda. Tunaonyeshwa picha mgando, kama za gazeti, za watu wenye kulabu wakiuondoa mwili wake na kuutupa juu ya kuni pamoja na maiti wengine.

V. Kiswahili kinauliza maswali yake

Na sasa turudi kwa swali la mama. Nilikuwa nimetumia neno “msukule”, walitumialo hasa ndugu zetu wa Tanzania, kwa kuwa ndilo lililonijia kwanza. Lipo pia “ndondocha”. Maneno yote mawili humtaja mtu anayeaminika kuwa amechukuliwa na mchawi, watu wakadhani amekufa, kumbe anafanyishwa kazi mahali pasipojulikana. Msukule ana bwana. Kisa chake ni kisa cha utumwa.

Ipo filamu huria nyingine ambayo neno hilo lingeifaa kabisa, nayo ni White Zombie ya Victor Halperin, ya mwaka 1932, ambayo kisa chake kimewekwa Haiti wakati nchi hiyo ikiwa bado imekaliwa na majeshi ya Marekani. Humo maiti wanasaga miwa katika kiwanda cha bwana mmoja mchawi. Mmoja wao anaangukia ndani ya mtambo, na kazi haisimami. Hao ni misukule bila shaka. Lakini maiti wa Romero hawana bwana, hawana shamba, hawamzalishii mtu chochote. Hata neno lile la Haiti halitamkwi katika filamu yake. Mtangazaji wa televisheni hutumia neno la Kiingereza ambalo asili yake ni visa vya Kiarabu vya jitu linalokula maiti. Mama yangu, kwa swali moja, alikuwa ameonyesha tofauti iliyopo baina ya filamu ya 1932 na ile ya 1968: katika ile ya kwanza uovu una mwenyewe, katika hii ya pili hauna.

Je, tuseme “zimwi”? Zimwi la ngano zetu hula watu, na kwa hilo linafaa. Lakini zimwi ni zimwi tangu asili yake. Halikuwa ndugu wa mtu. Tena tunao msemo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Filamu hii inaukana msemo huo moja kwa moja. Johnny anamjua Barbra, Karen anawajua wazazi wake, na kujuana huko hakumwokoi yeyote. Mfasiri atakayechagua “zimwi” atamfanya msikilizaji Mswahili angoje huruma ambayo haiji. Huenda hilo likawa pigo zuri la kisanaa, lakini lazima alichague akijua.

Linabaki neno “maiti”, na hapo ndipo penye kiini cha makala hii. Neno hilo hukaa katika ngeli mbili. Twasema “maiti huyu amezikwa”, kwa upatanisho wa A-WA, tukimhesabu aliyekufa kuwa bado ni mtu. Na magazeti yetu huandika kila siku “maiti ilipatikana mtoni”, kwa upatanisho wa I-ZI, ikihesabiwa kuwa kitu. Katika mazungumzo ya kawaida tunaruka kutoka ngeli moja hadi nyingine bila kujali. Mfasiri wa filamu hii hana anasa hiyo. Kila kitenzi kitamwuliza: wanakuja, au zinakuja? Mpige, au ipige?

Kiingereza cha filamu chaweza kulikwepa swali hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa kiwakilishi chake cha wingi ni kimoja kwa watu na kwa vitu. Angalia maneno ya mwisho ya mkuu wa polisi baada ya Ben kuanguka. Kwanza anamtaja kwa kiwakilishi cha mtu, kisha anasema kwamba amepatikana mmoja zaidi wa kutiwa motoni. Na neno hilo la kuhesabia, kwa Kiingereza, halibagui mtu na kitu. Kwa Kiswahili haliwezi kusemwa hivyo. Ama ni “mwingine”, ama ni “nyingine”. Akisema “mwingine”, ameua mtu na anajua kwamba ni mtu. Akisema “nyingine”, hajamwona mtu hata mara moja.

Pendekezo letu ni kwamba mfasiri aitumie ngeli kama chombo cha uhakiki. Barbra na Helen waseme kwa A-WA, kwa sababu miongoni mwa maiti yumo kaka na yumo mtoto. Televisheni ianze na A-WA, kisha kidogo kidogo, kadiri taarifa zinavyozidi kuwa za kiserikali, ihamie I-ZI. Kikosi cha asubuhi kizungumze kwa I-ZI tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo msikilizaji atasikia kwa masikio yake kilichomwua Ben. Aliuawa kwa risasi, ndiyo. Lakini kabla ya risasi alikuwa amekwisha kuhamishwa ngeli.

Tuseme wazi kwamba jambo hili si la sarufi tu. Romero alieleza mara nyingi kwamba nafasi ya Ben haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Duane Jones alipewa kwa kuwa aliigiza vizuri kuliko wengine. Alieleza pia kwamba alikuwa garini akiipeleka filamu New York usiku ule wa Aprili 1968 aliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Hakuna mhusika ndani ya filamu anayeitaja rangi ya Ben. Lakini mtazamaji aliyeziona picha za makundi ya watu wenye bunduki katika historia ya Marekani hawezi kuzitazama zile picha mgando za mwishoni pasipo kukumbuka. Filamu imenyamaza, na ukimya huo ndio unaotukabidhi swali: je, walimwona?

Liko na suala la mtindo wa usemi. Hapo awali Ben alikusudiwa awe dereva wa lori mwenye lugha ya ukali. Jones mwenyewe aliyabadilisha maneno akampa Ben usemi wa mtu aliyesoma. Kwa hiyo mfasiri atakayempa Ben lugha ya mtaani ili apate kuchekesha atakuwa amelifuta tendo la mwigizaji huyo. Ben anastahili Kiswahili kilichonyooka, na Cooper, mwenye kelele na woga, ndiye apewe maneno ya kukatikakatika.

VI. Ulimi wa filamu na watu walioutangulia uhakiki

Wako watakaosema kwamba tunatafuta kazi mpya ilhali Kiswahili kimekwisha kutiwa ndani ya filamu zamani. Ni kweli. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa kikoloni uliogharimiwa na Carnegie Corporation ulitengeneza filamu 35 za kuwafunza Waafrika, na maelezo ya lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, yakarekodiwa kwenye santuri ili yasikike pamoja na picha. Lakini ulimi ule ulikuwa wa kuamrisha: fanya hivi, usifanye vile. Mtazamaji hakutarajiwa kuuliza.

Warithi wa kweli wa jambo hili ni wasimulizi wa vibanda vya video. Kenya tunaye DJ Afro, Tanzania ilikuwa naye Lufufu, na Uganda ina wengi wanaosimulia kwa Kiganda. Msimulizi huketi kati ya filamu na hadhira, akafasiri, akaongeza, akakejeli, akawapa wahusika majina ya mtaani. Si jambo geni duniani: Wajapani wa enzi ya filamu bubu walikuwa na msimulizi wao, benshi, ambaye watu wengine walilipia kiingilio ili wamsikie yeye kuliko kuiona filamu. Sisi wa vyuoni tumewadharau wasimulizi hawa kwa sababu Kiswahili chao si sanifu. Huku tukiwadharau, wao wamefanya kazi tuliyoikimbia. Wamekubali kwamba filamu isiyo na ulimi wetu haijafika kwetu.

Hata hivyo zipo kasoro mbili ambazo uhakiki hauna budi kuzitaja. Kwanza, wengi wao husimulia juu ya filamu zenye wenyewe, na kwa hiyo kazi yao huishi pembezoni mwa sheria. Filamu huria ingewaondolea hofu hiyo. Pili, msimulizi huwa na haraka ya kuchekesha, na kichekesho huijaza ile nafasi ambayo ukimya ungefanya kazi. Mwisho wa filamu ya Romero ukitiwa mzaha umekufa. Msimulizi bora wa mahali pale ni yule atakayejua kunyamaza.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tujishughulishe na maiti wa Pennsylvania ilhali waandishi wetu hawasomwi. Swali hili ni la haki, na hatulipuuzi. Jibu letu ni kwamba filamu hizi zimekwisha kuingia nyumbani mwetu. Ikiwa hazitasemwa kwa Kiswahili zitaendelea kusemwa kwa Kiingereza, na mtoto atajifunza kwamba mambo mazito ya kifo, woga na ubaguzi hujadiliwa kwa lugha hiyo, na Kiswahili ni cha mtihani na cha mzaha. Isitoshe, lugha inayofasiri hujijua. Hatujaona somo la ngeli lililowachangamsha wanafunzi wetu kama lile la mkuu wa polisi na “mwingine” wake. Darasa liligawanyika pande mbili na kengele haikusikika.

VII. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwamba uhuru wa filamu hizi una historia yake, na si wa milele wala si kamili. Kwamba kutazama nyumbani, jambo linaloonekana kuwa la upweke, laweza kuwa baraza ikiwa ndani ya nyumba yumo mtu wa kufasiri na yumo wa kuuliza. Na kwamba sarufi ya Kiswahili, hasa upatanisho wa ngeli, si mzigo kwa mfasiri bali ni darubini yake.

Tunapendekeza basi kwamba kila idara inayofundisha fasihi ya Kiswahili ichague filamu huria moja kila mwaka, wanafunzi waiandikie maneno ya Kiswahili, wayasome mbele ya hadhira isiyojua Kiingereza, na waandike juu ya kila neno walilobishania. Gharama yake ni ndogo: nakala moja, spika moja, na subira. Faida yake ni kwamba mwanafunzi atatoka akiwa amehakiki, si kwa kukariri istilahi zetu, bali kwa kulazimika kuchagua.

Nimalizie pale nilipoanzia. Filamu ilipofika mwisho, zile picha mgando zikipita, nilikuwa nimechoka kufasiri nikanyamaza. Mama alitazama kulabu, akatazama kuni, kisha akauliza kama wale watu walimwuliza jina lake. Nikasema hapana. Akasema, kwa sauti ya chini, “Maskini marehemu.”

Marehemu: neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni aliyerehemewa. Huwezi kulitumia kwa kitu. Usiku kucha nilikuwa nimetafuta neno la kumwita Ben baada ya risasi, baina ya maiti na mwili na mfu, nisilipate. Yeye hakuwa akitafuta.